Klarineti ya Idrisa

Kila mwaka unapoanza, mtambo uliomo ukutani hututungia muziki wa mwaka mzima ujao. Kila mtu ana ala yake: mama mkwe ni selo, mume wangu Idrisa ni klarineti, mimi ni fidla. Majirani huja kuupiga sebuleni kwetu, nasi huwapa kahawa na vileja. Ala ikinyamaza kabla ya mwisho, basi mwenyewe hatakuwemo nyumbani mwaka ukiisha. Hapa Tanga mtambo haujawahi kukosea.

Safari hii mama mkwe alishagawa kanga zake.

"Usilie, mwanangu," aliniambia. "Kifua hiki hakina mwaka mwingine. Selo ikinyamaza, wewe wape wageni kahawa yao."

Muziki ukaanza. Niliikazia macho ile selo, nikiiomba isinyamaze. Haikunyamaza. Iliendelea kukwaruza taratibu, vile vile mama mkwe anavyopumua, hata nikaanza kutabasamu. Ndipo nikagundua kwamba klarineti haisikiki. Jirani aliyekuwa akiipiga alikuwa ameilaza mapajani, anatazama sakafu.

"Idrisa! Una nini, mwanangu?" Mama mkwe alimrukia, akamshika paji la uso, akampapasa kifua. "Jamani, tumpelekeni hospitali!"

Selo na fidla zilikuwa bado zinaendelea, mbili tu.

Nilimtazama mume wangu. Sebule nzima ilikuwa imeshtuka, isipokuwa yeye.

"Siumwi, mama," alisema, akiyakwepa macho yangu.