Kesho Nipo

Saa kumi na dakika tano alasiri, keekee iliyokuwa ikichimba kisima cha gesi cha Namburu ilifika mita 2,140. Gesi ilikuwa bado haijaonekana. Nassoro aliisoma taarifa hiyo kwa mara ya tisa, nyumbani kwake Lindi.

Sheria ya kampuni kwa wanahisa kama yeye ilikuwa fupi: kisima kinapochimbwa, mwanahisa haruhusiwi kusema kwa wakati ujao, popote, na mtu yeyote. Simu yake inamsikiliza. Akisema "kitatoa" hata mara moja, hisa zake zote zinafutwa.

"Mimi nanunua trekta," Bwana Chitanda alitamba kwenye kikao cha wanahisa, simuni.

"Lini, mkuu?"

"Usinitege, wewe."

Wenzake wakacheka. Nassoro alizima sauti, akaenda hadi mlangoni, akarudi.

Chumbani, mkewe Zulfa alikuwa akipanga kanga kwenye begi. Upasuaji wake ulipangwa kesho, saa moja asubuhi.

"Baba Rehani, kesho utakuwepo?"

"Nipo."

"Hapa upo, nakuona. Nimeuliza kesho."

"Kesho nipo, mama Rehani. Si unaijua sheria?"

"Naijua. Niambie kama ulivyokuwa ukiniambia zamani."

Nassoro alifungua mdomo, akaitazama simu mkononi. Mita 2,143. Akaufumba.

Zulfa alingoja kidogo, kisha akampigia dada yake Bihawa, ambaye hakuwa na hisa hata moja.

"Nitakuja," Bihawa alisema kabla hajamaliza kuulizwa. "Na nitalala hukohuko hospitali."

Saa kumi na moja kasorobo, Zulfa alifunga zipu ya begi, akalibeba mwenyewe hadi barazani.