Mkono Uliomchora Mwewe

Asubuhi ile Verna Kowalczyk alilipiga pasi gauni lake jeusi la msiba, ingawa mtu aliyekuwa akienda kumzika alikuwa bado mzima.

Mtu huyo aliitwa Gus Lindqvist. Mchana, katika ukumbi wa hoteli moja ya Manhattan, wapenzi wa vitabu vya katuni walikuwa wanampa ngao ya heshima kwa kumchora Mwewe wa Shaba, shujaa ambaye watoto wa Amerika nzima walimsoma kwa tochi chini ya blanketi. Verna alipanda treni kutoka Queens, midomo ameibana kama mkoba.

Kwa miaka mingi Gus alifanya kazi na Casimir, marehemu mume wa Verna. Gus alichora kwa penseli. Karatasi zililetwa kwa Casimir, naye akapita juu ya mistari kwa wino, kisha akaifuta penseli yote kabla kazi haijaenda kuchapwa. Ndivyo kazi ile inavyofanywa. Kinachobaki ni wino. Penseli haina shahidi.

Lakini katika siku zake za mwisho Casimir alimshika mkewe mkono, akamwambia siri.

"Gus hajui kuchora, Verna. Alikuwa ananiletea karatasi tupu. Mwewe ni wangu, kuanzia kucha mpaka utosi."

"Mbona hukusema siku zote hizo?"

"Nani angeniamini? Jina lake ndilo lililotangulia."

Verna aliamini. Si alikuwa akiona mwenyewe? Chumba cha chini alichofanyia kazi kimefungwa kwa ufunguo, taa inawaka usiku kucha, na asubuhi yeye ndiye aliyefagia takataka za ufutio sakafuni, tele kama theluji chafu. Mumewe alikuwa akijiua kwa kazi ya watu wawili. Na Gus alipohamia kampuni nyingine, Casimir hakuchora tena, hata paka. Alisema moyo umekufa. Sasa Verna alijua nani aliyeuua.

Ukumbi ulikuwa umefurika. Gus, mzee mrefu aliyeanza kupinda mgongo, alipokea ngao yake akashukuru kwa maneno machache. Msimamizi alipouliza kama kuna mwenye swali, Verna alikuwa ameshasimama.

"Amchore," alisema.

"Samahani, mama?"

"Huyo Mwewe wake. Ubao huo hapo, chaki hizo hapo. Amchore, tuone."

Watu walicheka na kupiga makofi, wakidhani ni utani. Gus alikinga macho na mwanga wa taa, akamtambua, uso wake ukachangamka.

"Shemeji Verna! Jamani! Caz hajambo?"

"Nimemzika mwezi Machi."

Makofi yalikatika. Gus alishika ukingo wa meza.

"Sikuambiwa, shemeji."

"Uambiwe ili iweje? Uje utie sahihi yako kwenye jeneza, kama ulivyoitia kwenye jasho lake?"

"Sikuelewi."

"Unanielewa vizuri sana. Ameniambia yote. Karatasi tupu, Gus! Mume wangu anachora, wewe unakula sifa. Sasa chora, au waambie watu hawa kwamba huwezi."

Sauti ya mzee ilikuwa ndogo sasa.

"Caz alikwambia hivyo? Kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake, akiwa anakata roho. Au unataka kumwita maiti mwongo mbele ya mjane wake?"

Gus alimtazama kitambo kirefu. Kisha akaiweka ngao mezani, akaenda ubaoni, akaokota chaki.

Alichora polepole. Kichwa kilitoka kama kiazi. Bawa moja liliota begani, la pili likaota mbavuni. Miguu haikulingana.

"Babu, huyo ni mwewe au bata mzinga wa sikukuu ya Novemba?" mtu alipaza sauti kutoka nyuma.

"Mwingizeni jikoni, ameshanona!"

Vicheko viligeuka kuwa zomeazomea. Kijana mmoja alichana kitabu alichokuwa ameleta kitiwe sahihi. Gus aligeuka, vidole vyeupe kwa chaki, akangoja kelele zipungue.

"Mama huyu amesema kweli," alisema. "Aliyemchora Mwewe wa Shaba ni Casimir Kowalczyk. Andikeni jina hilo."

Akashuka jukwaani, akamkabidhi Verna ngao kwa mikono miwili. Verna aliipokea bila kusema asante.

Nje ya ukumbi watu walimzonga. Walitaka picha, walitaka kusikia habari za Casimir, mmoja alilia. Utamu huo Verna alikuwa ameungoja tangu Machi, lakini ulipofika aliona haujamkata kiu. Lilikuwapo tusi moja la Kipolandi, alilojifunza kwa mama mkwe wake, ambalo alikusudia kumtemea Gus usoni. Kwa msisimko alikuwa amelisahau. Akawapenya watu, akarudi mbio, tusi likimwasha ulimi, akausukuma mlango.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Gus alikuwa amerudi jukwaani, peke yake, amempa mgongo, ubao mbele yake umeshafutwa. Mkono wake uliruka ubaoni bila kusita, kama wa mtu anayeandika jina lake mwenyewe, na Mwewe wa Shaba akasimama pale mzima mzima, kidevu juu, mbawa zimejaa upepo, vilevile alivyokuwa kwenye kila jalada.