Pua Iliyohama Paji

"Pua hii hata mama aliyenizaa hawezi kujua kuwa ni ya kushonwa," Kibwana alijitapa kwa mkewe, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi kuficha paji, walikochuna madaktari ngozi ya kutengenezea pua hiyo. Ile ya zamani aliondoka nayo mbwa.

Leo ilikuwa siku ya tatu tangu atoke hospitali, na binti yake Tunu hajamwita baba. Anamchungulia tu kutoka nyuma ya kanga ya mama.

"Njoo, mwanangu. Ni mimi."

"Si wewe."

Kibwana akakaa, akasimama, akakaa tena kama mkeka una siafu. Nzi akatua kwenye ncha ya pua yake. Yeye akajipiga kofi kwenye paji, kofia ikaanguka. Nzi wala hakujali. Akajipiga tena.

Tunu akachomoka mafichoni. "Baba! Nzi yuko puani, mbona unapiga huko?"

Kibwana akaumbuka. "Ngozi hii ilizoea kukaa juu. Haijajua kama imehama."

"Kweli?" Mtoto akasogea, akanyoosha kidole. "Fumba macho. Nikigusa, useme wapi."

Kibwana akafumba, kovu liko nje, akangoja.