Ngata Mkononi mwa Mposaji

Katika mji ambao bibi ndiye humhoji mposaji, kijana Shaali aliketi mkekani mbele ya Bi Zawena kumposa mjukuu wake, Zamda. Bi Zawena hakumwamini hata chembe. Mtu gani huyu, mwanahesabu ambaye kazi yake ni kuzungusha maumbo?

"Natafuta, bibi, kwa hesabu za herufi badala ya namba," alisema Shaali, "ni umbo gani laweza kuzungushwa pasibaki hata nukta moja mahali pake."

Bi Zawena akamsukumia kawa la kufunikia chakula. "Haya, zungusha tuone."

"Hilo halifai. Katikati pake patatulia tu." Shaali akaokota ngata ya kubebea mtungi, akaizungusha taratibu juu ya mkeka. "Hii ndiyo. Katikati ni tundu, kwa hiyo kila uzi unahama."

"Ala! Hakuna kinachotulia?"

"Hakuna, bibi."

"Na ndicho ukipendacho?"

"Ndicho kilichonileta mji huu, na kunipeleka miji mingine kabla yake."

"Basi umejisema mwenyewe, baba. Mjukuu wangu akishakuzoea, tutasikia uko kwingine."

Shaali alicheka, mkono wake ukiendelea kuzungusha. Mara pazia likafunuka, Zamda akaingia na kahawa.

Ngata ikasimama.

Bi Zawena hakumtazama kijana usoni. Aliutazama ule mkono, vidole vimeng'ang'ania nguo ya ngata, akajiuliza kama ule ulikuwa utulivu au woga. Kahawa ikaanza kupoa, naye bado anautazama.