Mara ya Tatu

Kamati ya kupiga vita picha chafu mtandaoni ilikuwa ikitazama video moja ukutani kwa mara ya tatu.

"Turudishe nyuma kidogo, tuhakikishe," alisema mwenyekiti, rimoti mkononi.

Mama wa chai akaingia, akaganda na chupa yake, macho ukutani.

"Huyo mdogo wangu," alisema. "Alirekodiwa bila kujua. Mwaka jana alileta barua hapa hapa, akiwaomba muifute video hii."

Uso ukamshuka mwenyekiti. Akabonyeza rimoti, kidole gumba kikateleza kwa jasho, na video ikaendelea.

Barua ile aliikumbuka. Ndiyo iliyomwonyesha video ilipo.

Mama wa chai akapanga vikombe taratibu.

"Niwamiminie, waheshimiwa, au bado mnahakikisha?"