Kibati cha Mzinga wa Kashindye

Serikali ilikuwa imeagiza kila mzinga wa nyuki uandikishwe na kufungwa kibati chenye namba. Usio nacho ungeshushwa. Mbuke, aliyemzika mumewe Kashindye masika yale, alimpeleka ofisa hadi chini ya mti wenye mzinga wa marehemu.

"Mwenyewe nani?" ofisa aliuliza.

"Niandike mimi," alidakia Lusangija, mdogo wa marehemu. "Kwetu mwanamke hapandi kwenye mzinga. Au shemeji atawaita nyuki washuke?"

Wanaume waliowafuata walicheka.

"Cheka tu, shemeji," Mbuke alisema. "Ila nishikie viatu."

Alijifunga kanga kiunoni, akachomeka humo kibati alichopewa na ofisa, akaning'iniza begani kienge cha majani yanayofuka moshi wa kuwatuliza nyuki, akazungusha kamba kwenye shina kama alivyozoea kumwona mumewe akifanya. Alipolipita tawi la kwanza, kicheko kilikoma.

Juu, nyuki walimtambaa mikononi. Aliipapasa alama ya Kashindye, mistari miwili iliyochongwa kwa kisu, akafunga kibati pembeni yake, kisiifunike.

"Niandike nani?" ofisa alipaza sauti.

"Mbuke, mke wa Kashindye."

Hakushuka mara moja; kwa mbali aliliona paa la jikoni kwake. Kumbe kutoka pale mumewe alikuwa akiuona moshi wa jiko lake.