Vidole vya Hina

Zuwena alikuwa amewapaka hina maharusi wengi mtaani, lakini mikono iliyomtia wasiwasi ilikuwa ya bintiye, Mwatime. Kesho yake mwalimu angempima kusoma. Akishindwa, angerudishwa kwa wadogo.

Basi jioni ile alimpaka herufi kwenye kucha. Mkono wa kulia a, e, i, o, u. Wa kushoto b, k, l, m, t.

“Gusanisha m na a,” alimwambia. “Haya, tena.”

“Ma… ma.” Mwatime akacheka. “Mama.”

Asubuhi Zuwena alijibanza kwenye dirisha la darasa. Mwalimu alimwita Mwatime mbele, akaandika neno ubaoni, kisha akaziona zile kucha.

“Mikono nyuma, mwanangu,” alisema kwa upole.

Mwatime akaukabili ubao, mikono mgongoni, na huko nyuma, mbele ya macho ya darasa zima, vidole vikaanza kutafutana. K ikagusa i. T ikagusa a. B ikapapasa kidogo, ikaipata u.

“Ki-ta-bu,” alisema. “Kitabu.”

Kwenye dawati la mbele, mtoto mmoja alifungua viganja vyake polepole, akaanza kuvitazama vidole.